Akitimiza miaka 18, nani anampokea kliniki?

*Huduma za afya ya akili Masasi na Newala*

Na Mwandishi Wetu

Daftari la kliniki limekunjika pembe. Ukurasa wa kwanza una jina la mtoto, kijiji cha jirani na Kitangari, umri wa miaka saba, uzito wa kilo 19 na dozi ya fenobabitoni ya kila usiku. Ukurasa wa mwisho una kilo 52. Dozi ni ile ile.

Mwenye daftari ni kijana wa mfano. Nimemuunda ili nisimwanike mgonjwa yeyote wa kweli, lakini muuguzi aliyewahi kukaa kwenye dawati la afya ya akili katika hospitali ya wilaya atamtambua. Kwa miaka kumi na zaidi mama yake amemshika mkono hadi kliniki. Siku hizi mama anakuja peke yake, anapokea dawa, anaziweka kwenye pindo la khanga na kurudi nyumbani. Kijana yuko kidato cha nne na hataki wenzake wajue. Au ameshuka Masasi mjini na anaendesha bodaboda ya mtu, akiwa na kifafa.

Nchini Tanzania kifafa hutibiwa kwenye kliniki za afya ya akili, ndiyo maana kijana huyu anakaa benchi moja na mwenye skizofrenia, mwenye sonona na mama aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua. Kwenye benchi hilo wapo pia vijana wenye usonji na mtindio wa ubongo, waliokuwa watoto jana na leo wana ndevu. Wote wanakabiliwa na jambo moja: kutoka kwenye matibabu ya mtoto anayeletwa, kwenda kwenye matibabu ya mtu mzima anayejileta.

Katikati hapo ndipo wengi wanapotea.

Mlango mmoja kwa wote

Masasi na Newala hazijakosa hospitali. Mji wa Masasi una Mkomaindo. Newala ina hospitali yake ya wilaya, kule juu ambako ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma hadi Msumbiji. Ndanda kuna Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, kwenye misheni ambayo Wabenediktini waliianza mwaka 1906. Mtwara mjini kuna Ligula, na Mitengo kumejengwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mgonjwa akizidi uwezo wa hapo, anapelekwa Muhimbili, au Mirembe mkoani Dodoma, hospitali iliyokuwapo tangu miaka ya 1920.

Historia ya tiba upande huu ni ya kujivunia. Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde, ndiko alikofanya kazi Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika mwaka 1935 na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, kuanzia 1975 hadi 1980. Lakini hospitali za aina ile zilijengwa kwa ajili ya mtu anayeugua, anatibiwa na kwenda zake: jeraha, uzazi, malaria, henia. Ugonjwa unaoanza mtu akiwa darasa la pili na kuendelea hadi anapooa unataka utaratibu mwingine.

Katika nchi nyingi za Ulaya kijana hutoka jengo moja kwenda jingine. Hadi miaka 18 anaonwa na timu ya watoto. Baada ya hapo faili linahamishiwa kwa timu ya watu wazima, yenye madaktari wengine na masharti mengine. Huku kwetu wilayani timu ya watoto haipo. Kuna dawati moja, mara nyingi la muuguzi au tabibu aliyesomea afya ya akili, na siku ya kliniki inayojulikana.

Kwa hiyo wapo wanaosema suala hili halituhusu. Kijana atahama kwenda wapi wakati mlango ni ule ule?

Jibu langu ni kwamba anahama kutoka mikononi mwa mama kwenda mikononi mwake mwenyewe, na hakuna anayesimamia makabidhiano hayo. Mgonjwa wa miaka saba na mgonjwa wa miaka ishirini wanaingia mlango mmoja, lakini mmoja ana mtu anayekumbuka tarehe, nauli, dozi na historia nzima ya ugonjwa. Mwingine ana daftari tu, tena huenda limebaki kwa mama.

> Anahama kutoka mikononi mwa mama kwenda mikononi mwake mwenyewe, na hakuna anayesimamia makabidhiano hayo.

Tusidhani pia kwamba nchi zenye majengo mawili zimefanikiwa. Mwaka 2010, Profesa Swaran Singh wa Chuo Kikuu cha Warwick na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia vijana waliokuwa wakivuka kutoka huduma moja kwenda nyingine katika London na West Midlands, Uingereza. Waliovuka vizuri, yaani kwa kikao cha makabidhiano, taarifa kamili na kuendelea kuonwa baadaye, hawakufika watano katika kila mia. Hayo yalitokea mahali penye faili, simu na daktari wa kila upande.

Amekuwa mtu mzima mara ngapi?

Muulize mzee wa Newala mtoto anakuwa mtu mzima lini, atakueleza habari za jando na unyago. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mvulana huingia jandoni akiwa bado wa shule ya msingi. Msichana huchezwa unyago akivunja ungo, na siku hizi mara nyingi kabla ya hapo. Akitoka, ni mtu mwingine. Haruhusiwi tena kulala chumba cha wazazi, anasalimiwa kwa namna nyingine na anatarajiwa kujua mambo ya wakubwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwaka 2019. Shule nayo ina mpaka wake: elimu bila ada ilipoanza 2016 iliishia kidato cha nne, na mtihani wa kidato hicho vijana wengi huufanya wakiwa na miaka 16 hadi 18. Toto Afya Kadi, ambayo kwa miaka kadhaa mzazi aliilipia shilingi 50,400 kwa mwaka, ilimhudumia mtoto hadi miaka 18 na kukoma hapo.

Kwa hiyo kijana mmoja amekuwa mtu mzima kwa mila akiwa na miaka tisa, kwa shule akiwa na 17, kwa bima akiwa na 18. Kwa kliniki bado ni mtoto wa mama fulani, hata akiwa na 24.

Mipaka hii ya shule na bima inamwangukia mgonjwa kwa wakati mmoja. Mwaka anaotoka shule, ambako mwalimu wa malezi alijua hali yake, ndio mwaka unaokaribia mwisho wa kadi, ndio mwaka anaoondoka nyumbani kutafuta maisha. Mtu aliyekuwa na nguzo tatu anabaki hana hata moja, na ugonjwa haujapungua.

Tena umri huu wenyewe ndio wa hatari. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 18. Skizofrenia, ugonjwa mzito kuliko mengi, mara nyingi hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya ishirini. Wagonjwa hawa ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Mwenye kifafa tangu utotoni angalau ana daftari. Anayeanza kusikia sauti akiwa na miaka 19, ameshaacha shule na ameshahama kwao, hakuwahi kuwa na kliniki ya utotoni ya kumkabidhi popote.

Uraka, ngoma na usingizi

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, uwanda wa Makonde unabadilika. Minada inaanza, vyama vya msingi vinapokea magunia, fedha zinaingia vijijini kupitia vyama vikuu vya ushirika: TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa upande wa Masasi. Vijana wanapata vibarua vya kuokota na kubeba. Mabibo yaliyokamuliwa yanageuka uraka, na uraka ukichemshwa unageuka nipa. Usiku kuna ngoma.

Kwa kijana anayetumia fenobabitoni, kila kimoja kati ya hivyo kina madhara yake. Pombe ikikutana na dawa hiyo humlemaza na kumlaza usingizi mzito, na ikizidi inaweza kumzuia kupumua. Kukesha ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha kifafa kwa urahisi. Na dawa yenyewe haiachwi ghafla: mgonjwa akiikatisha kwa sababu amehamia kambi ya shamba na vidonge vimebaki nyumbani, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kuachia, na hali hiyo huua.

Alipokuwa na miaka kumi, habari hizi zote aliambiwa mama. Mama alijua kumlaza mapema. Sasa anayepaswa kuzijua ni kijana wa miaka 19 mwenye fedha za kwanza mfukoni, na huenda hajawahi kuambiwa hata jina la dawa anayokunywa. Anaijua kama "ile nyeupe ndogo".

Mwezi wa Machi ukifika, mambo yamegeuka. Fedha za korosho zimekwisha, mvua zimeharibu njia, na nauli ya kutoka kijijini hadi Newala mjini inashindana na unga. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, kilometa 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, lakini mgonjwa wa kijiji cha ndani anaanza safari kwenye mchanga kabla hajaiona lami hiyo.

Binti anapobadilika mwili

Kwa msichana makabidhiano mabaya yana madhara ambayo kwa mvulana hayapo, na nadhani hapa ndipo kliniki zetu zinapaswa kukazana zaidi.

Valproeti ni dawa nzuri ya kifafa, na hutumika pia kwa ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia. Lakini ikinywewa wakati wa ujauzito inaweza kumharibu mtoto tumboni, uti wa mgongo na akili yake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isitumiwe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba. Binti aliyeianza akiwa na miaka minane anahitaji mtu wa kuketi naye akiwa na kumi na mbili, kabla ya unyago ikiwezekana, wabadilishe dawa taratibu.

Kabamazepini na fenobabitoni zina tatizo jingine. Hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya kijiti kinachowekwa mkononi. Binti anakwenda zahanati, anawekewa kijiti, anaambiwa yuko salama kwa miaka mitatu. Aliyemwekea hajui kwamba anatumia dawa za kifafa, kwa sababu dawa hizo zinatolewa chumba kingine, siku nyingine, na hakuna aliyemwambia binti kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Anashika mimba, anaogopa dawa itamdhuru mtoto, anaiacha. Halafu anaanguka akiwa jikoni, kwenye mafiga. Makovu ya moto ya wenye kifafa yanajulikana katika kila wodi ya upasuaji nchini.

> Binti anawekewa kijiti, anaambiwa yuko salama. Aliyemwekea hajui kwamba anatumia dawa za kifafa.

Mlolongo wote huu ungezuiwa kwa mazungumzo ya nusu saa, mtu akiwa na umri unaofaa na mbele yake akiwapo muuguzi anayejua dawa zote mbili.

"Kwanza dawa, mengine baadaye"

Hoja nzito dhidi ya haya ninayoyasema inatoka kwa watu wa afya wenyewe, na haifai kupuuzwa. Inasema hivi: wataalamu wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno, wa watoto ni wachache zaidi, na wengi wako mijini. Muuguzi mmoja anahudumia kliniki, wodi na rufaa za polisi. Dawa huisha stoo. Katika hali hiyo, kuanza kuzungumzia mipango ya kumvusha kijana ni anasa ya nchi tajiri. Kwanza dawa kama haloperidoli na fenobabitoni zisikatike; mengine baadaye.

Upande wa pili uko nje ya wilaya, miongoni mwa watu wa mashirika na vyuo, na wenyewe unataka makubwa: kliniki maalumu za vijana. Mfano unaotajwa sana ni Australia, ambako tangu mwaka 2006 vituo vya headspace vinawapokea vijana wa miaka 12 hadi 25 chini ya paa moja, ili wasivunjiwe huduma wakiwa na miaka 18. Daktari Patrick McGorry, mmoja wa walioupigania mpango huo, alitunukiwa heshima ya Mwaustralia wa Mwaka 2010.

Wazo la kutovunja huduma kwenye miaka 18 ni sahihi kabisa. Kujenga kituo cha namna hiyo Newala, kwa sasa, ni ndoto. Lakini nawapinga pia wale wa kwanza. Dawa inayopelekwa kwa mtu aliyekwisha kupotea haimtibu mtu. Kijana anapoacha kliniki kwa miezi sita na kurudi akiwa amefungwa kamba na ndugu, amewagharimu muuguzi yule yule na stoo ile ile mara nyingi zaidi kuliko angefuatiliwa kwa simu. Uhaba wa watumishi ndio sababu ya kuwakabidhi wagonjwa vizuri.

Uingereza ilitoa mwongozo wake mwaka 2016, na sehemu yake iliyo bora haihitaji jengo: maandalizi yaanze kijana akiwa na miaka 13 au 14, na awepo mtumishi mmoja anayetajwa kwa jina kuwa ndiye anayemvusha kijana huyu. Hilo la jina ndilo la msingi. Kazi ikiwa ya wote, siku ya kliniki yenye foleni ndefu inakuwa haina mwenyewe.

Mama abaki nje?

Mvutano mwingine uko ndani ya chumba chenyewe. Kijana wa miaka 17 akiingia na mama yake, maswali yote yanajibiwa na mama. Analalaje? Anakula? Anavuta bangi? Mama anasema hapana. Kijana anatazama chini.

Wauguzi waliosoma wanafundishwa kumpa kijana muda wa peke yake. Wazazi wengi wanaliona hilo kama dharau, na siwalaumu. Mwanamke aliyetembea na mtoto mgonjwa kwa muongo mzima, akauza mahindi na kuku kwa ajili ya nauli, anaambiwa asubiri benchi. Isitoshe, katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama zilivyo hizi za kusini mashariki, mjomba ana neno katika mambo ya mpwa wake. Akikataa hospitali na kuamua mgonjwa apelekwe kwa mganga, mama hawezi kumpita kirahisi.

Muda wa peke yake uanze mapema na uanze kwa kiasi: dakika tano akiwa na miaka 13, kumi akiwa na 15, na mama aelezwe mbele ya mtoto kwa nini. Akifika 18, kijana ndiye anayeingia kwanza, na mama anaitwa kwa ridhaa yake. Mama asiondolewe. Utafiti wa aina yoyote usingeweza kunishawishi kwamba mgonjwa wa skizofrenia wa Masasi ataishi vizuri bila ndugu zake. Anachohitaji ni ndugu wajifunze kuwa wasaidizi, naye ajifunze kuwa mwenye ugonjwa wake.

Kuna pia suala la sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kijana anayemeza sumu ya shambani na kuokolewa anakuwa mgonjwa na mtuhumiwa kwa pamoja, na familia huogopa kusema kilichotokea. Historia hiyo isipoandikwa, anayempokea baadaye haioni hatari iliyopo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kwenye sheria zao kinakiuka katiba. Wabunge wetu wana cha kujifunza hapo.

Anayempokea kwanza ni mganga

Kijana akiacha kliniki haina maana kwamba ameacha kutafuta tiba. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa M.C. Ngoma na wenzake, Martin Prince na Anthony Mann, uliofanywa Dar es Salaam. Uliwalinganisha watu waliokwenda kwenye vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa tiba asili. Wenye matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, walikuwa 24 katika kila mia vituoni, na 48 kwa waganga.

Hii ni kawaida ya watu wetu, mijini na vijijini. Mganga hana foleni ya saa nne, anawaita ndugu wote, anamsikiliza mgonjwa na kumweleza sababu ya maradhi yake kwa lugha ya nyumbani. Wapo waganga wanaofunga watu kwa minyororo na kuwanyima dawa, na hao washitakiwe. Lakini hatua ya busara kwa halmashauri ni kuwajua waganga wa kata zao na kukubaliana nao jambo moja tu: kijana akija na daftari la kliniki, asiambiwe aache vidonge.

Kazi hii imeshafanyika kwenye CTC

Mtu asidanganyike kwamba kumvusha kijana mgonjwa ni kitu kigeni kwa hospitali za wilaya. Watoto waliozaliwa na virusi vya Ukimwi na kuanza dawa baada ya mpango wa taifa kuzinduliwa mwaka 2004 wamekua. Kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo kwa wenye virusi, zililazimika kujifunza namna ya kumwambia mtoto hali yake hatua kwa hatua, kupanga siku za vijana zisizogongana na shule, kuunda vikundi vyao, na kutumia waelimisha rika wanaompigia simu au kumfuata kijijini asiyetokea. Namba ya kadi inamfuata akihama wilaya.

Moshi, katika Hospitali ya KCMC, walikwenda mbele zaidi. Mpango unaoitwa Sauti ya Vijana, ulioanzishwa na watafiti wa hapo pamoja na Dorothy Dow wa Chuo Kikuu cha Duke, unawakutanisha vijana wenye virusi kwa vikao vya kuzungumzia huzuni, siri, mapenzi na kumeza dawa. Wanaoviongoza si madaktari. Ni vijana wakubwa kidogo kuliko wao, waliofundishwa na wanaosimamiwa.

Kliniki ya afya ya akili iko kwenye hospitali zile zile, wakati mwingine hatua chache kutoka CTC. Haina waelimisha rika wala fungu la vocha. Kijana mwenye virusi asipotokea anatafutwa. Mwenye kifafa asipotokea, jina lake linabaki kwenye rejista. Tofauti hiyo ililetwa na fedha za wafadhili, na sasa fedha hizo zikiyumba, ni vizuri ujuzi uliobaki utumike kwa magonjwa yote ya muda mrefu.

Kuna watu wa kuifanya kazi hiyo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima. Mhudumu anayeishi kitongojini anajua nani amehamia kambi ya korosho na nani amerudi. Apewe orodha ya vijana wa kliniki walio kati ya miaka 14 na 24, kwa ridhaa yao.

Vipi kuhusu kungwi?

Limewahi kutolewa wazo kwamba jando na unyago vitumike kufundisha afya ya akili. Masasi ina historia ya majaribio ya aina hii. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana wa UMCA aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, alijulikana kwa kuanzisha jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku la wenyeji.

Nalipokea wazo hili nusu. Mambo ya kumbini ni ya siri, na kuyageuza semina ya halmashauri kutayaua au kutawafanya wazee wafunge mlango. Unyago wa wasichana wadogo nao umelaumiwa, kwa haki, kwa kuwaharakisha kwenye ndoa na mimba. Lakini makungwi wa unyago na walezi wa jandoni wanaweza kuambiwa mambo mawili ambayo hayagusi siri yoyote. Mtoto mwenye kifafa asikeshe na asikose dawa yake akiwa kumbini. Na asifichwe wala kutengwa na wenzake kwa ajili ya ugonjwa, kwa sababu aliyeachwa nje ya jando hubeba aibu hiyo maisha yake yote.

Mzee anayemlea mwali kumbini anakuwa na deni kwake la miaka mingi. Akimuuliza baadaye kama bado anakwenda kliniki, atajibiwa ukweli ambao muuguzi hataupata.

Ukurasa mmoja na vocha

Kinachotakiwa kwa mwaka wa kwanza ni kidogo. Ukurasa mmoja wa muhtasari kwa kila mgonjwa anayefika miaka 16: ugonjwa, dawa zilizojaribiwa, dozi kwa uzito wa sasa, kilichowahi kumdhuru, nani wa kupigiwa simu. Nakala moja ibaki hospitali, nyingine apewe kijana mwenyewe, siyo mama. Mtumishi mmoja aandikwe jina. Siku ya kliniki ya vijana iwe Jumamosi moja kwa mwezi. Muuguzi wa uzazi wa mpango na wa afya ya akili waonane kuhusu kila binti. Asiyetokea kwa wiki mbili apigiwe simu.

Mipango ya afya ya halmashauri huandaliwa na kupitishwa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Newala Mji, Newala Vijijini, Masasi Mji na Masasi Vijijini kila moja ina baraza la madiwani na kamati inayosimamia huduma za jamii. Diwani akitaka kujua hali ilivyo kwenye kata yake, amwombe mganga mkuu wa wilaya tarakimu mbili kutoka kwenye rejista ya afya ya akili: wagonjwa wangapi walitimiza miaka 18 mwaka uliopita, na wangapi kati yao walionwa na muuguzi wao wenyewe, wamekaa kwenye kiti, katika miezi mitatu iliyofuata.